Mtawa Aliyeacha Vazi Asiiache Kalamu



Mara nyingi wazee wetu hutuuliza, "Ninyi walimu mwaandika kila siku. Je, mwavuna nini?" Swali hili si la dhihaka. Alimaye huonyesha mahindi yake, na afugaye huonyesha ndama; lakini aandikaye huonyesha karatasi tu. Na pengine karatasi ile yasomwa na watu watatu, kisha mmoja wao aifungia chumvi. Leo twataka kulijibu swali hilo kadiri tuwezavyo. Wala hatutalijibu kwa kujisifia kazi yetu, maana mwamba ngoma huivutia kwake. Tutawapa habari za mtu mmoja wa nchi ya mbali, asiyekuwa wa dini yetu, aliyekuwa mtawa akaacha utawa, akatafuta elimu kwa miguu yake, akafungwa, akafa hana kitu. Jina lake ni Gendun Chopel, mtu wa Tibet. Habari zake zimetushughulisha kwa sababu ya jambo moja lililotokea nyumbani kwetu wenyewe, nalo tutalieleza mahali pake.

Tibet ni nchi ya juu sana, kaskazini ya milima ya Himalaya, kati ya India na Uchina. Lhasa, mji wake mkubwa, umekaa karibu mita 3,650 juu ya usawa wa bahari. Baridi yake ni kali, na chakula cha wenyeji tangu zamani ni unga wa shayiri iliyokaangwa, siagi na nyama. Hushika dini ya Buddha, mwalimu wa India aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Yeye alifundisha kwamba maisha yamejaa mateso, na kwamba mateso hayo hutokana na tamaa, nayo yaweza kukomeshwa. Katika siku tunazozisimulia, jamaa nyingi za Tibet zilitoa mwana mmoja awe mtawa. Watawa hao hunyoa vichwa, huvaa nguo za rangi ya damu ya mzee, wala hawaoi. Nyumba zao zilikuwa kama miji. Ile ya Drepung, karibu na Lhasa, ilikuwa na maelfu ya watawa. Kazi yao ilikuwa sala, kukariri vitabu, na kujadiliana. Katika majadiliano mmoja huketi chini, mwenziwe husimama mbele yake akimwuliza. Na kila aulizapo hupiga kofi na kukanyaga chini kwa mguu, hata mgeni apitaye hudhani wanagombana.

Gendun Chopel alizaliwa mwaka 1903 huko Rebkong, upande wa Amdo, kaskazini mashariki ya Tibet. Baba yake alikuwa mwalimu wa dini, akamfundisha herufi angali mtoto mdogo. Mwaka 1920 akaingia katika nyumba kubwa ya watawa ya Labrang. Huko alijulikana upesi kwa ulimi wake. Husimuliwa kwamba siku moja alisimama kutetea neno ambalo watawa wenziwe hulikataa, ya kuwa mimea ina nafsi ijuayo, na wenye elimu wote wakashindwa kumwangusha. Twadhani hakulisadiki neno lile mwenyewe. Alionyesha tu kwamba mtu aweza kushinda kwa maneno, na ukweli ukabaki palepale ulipokuwa. Alikuwako Labrang pia mmisionari wa Marekani, jina lake Marion Griebenow, na kijana huyu akafanya urafiki naye. Husemwa tena kwamba alitengeneza mashua ndogo zijiendeshazo kwa mitambo, akaziacha ziende juu ya maji, watu wakastaajabu.

Baadaye akaondoka Labrang, akafunga safari ndefu mpaka Lhasa, akaingia Drepung. Mwalimu wake huko, Sherab Gyatso, alikuwa mtu wa elimu nyingi. Lakini mwanafunzi huyu alimpinga mara kwa mara, hata mwalimu akaacha kumwita kwa jina, akawa anamwita "mwenda wazimu". Sisi tufundishao twamfahamu mwanafunzi wa namna hiyo. Kila darasa lina mmoja. Huwachosha walimu, na siku asipokuwapo darasa zima husinzia.

Jina hilo latukumbusha hadithi iliyomo katika vitabu vya kale vya Wabuddha wa India. Mwaguzi mmoja alimwambia mfalme wake kwamba itakuja mvua, na kila atakayekunywa maji yake atapata wazimu. Mfalme akakifunika kisima chake. Raia hawakufunika visima vyao, na mvua ikanyesha, wakanywa, wakapata wazimu wote. Ila kwa kuwa wote walikuwa na wazimu mmoja, walipotazamana hawakuona kasoro. Walipomtazama mfalme, wakamwona hasemi kama wao, hacheki wachekapo wao, wakanong'ona, "Masikini, mfalme wetu ameharibikiwa na akili." Maneno yakazidi, hata mfalme akaona ufalme wataka kumponyoka. Basi akatoka, akaenda kwenye maji ya mvua, akanywa. Raia wakafurahi sana kwamba mfalme wao amepona.

Hadithi hii yachekesha. Lakini aliyepata kukaa peke yake upande mmoja, na kijiji chote upande wa pili, hacheki sana.

Mwaka 1934 alikuwako Lhasa mtaalamu wa India, Rahul Sankrityayan. Yeye naye alikuwa mtawa wa Buddha wakati ule, na baadaye yeye pia aliacha utawa. Alikuja kutafuta vitabu vya Kisanskriti vilivyoandikwa juu ya majani ya mvumo. Vitabu vya namna hiyo vilikuwa vimepotea kwao India baada ya nyumba kubwa za elimu, kama ile ya Nalanda, kuharibiwa yapata miaka 800 iliyopita. Ila nakala nyingine zilikuwa zimepandishwa Tibet zamani, zikahifadhiwa. Gendun Chopel akafuatana na mgeni huyu kutoka nyumba hata nyumba, wakipekua rafu zenye vumbi. Kisha akashuka pamoja naye mpaka India, akakaa huko miaka kumi na miwili, akafika hata kisiwa cha Ceylon, ambacho siku hizi huitwa Sri Lanka.

Fikirini, wasomaji, jinsi moyo wake ulivyokuwa. Tangu utoto alikuwa amesoma habari za India kama nchi takatifu alikozaliwa mwalimu wake. Alipofika alikuta magari ya moshi, ombaomba na serikali ya Waingereza. Dini ya Buddha ilikuwa karibu imekwisha katika nchi ilikozaliwa, na mahali patakatifu pengi palikuwa magofu. Mtu mwingine angalirudi kwao akanyamaza, ama angalisema ameona utukufu ambao hakuuona. Yeye alikwenda mahali hata mahali, akapima, akauliza, akaandika alichokikuta katika kitabu kikubwa cha safari zake. Alijifunza Kisanskriti, Kipali na Kiingereza. Akafasiri Dhammapada, kitabu cha mafundisho ya Buddha, kutoka Kipali katika Kitibeti. Akamsaidia mtaalamu Mrusi, George Roerich, kufasiri kwa Kiingereza tarehe kubwa ya dini ya Tibet iliyoandikwa katika karne ya 15. Kitabu hicho kilipoanza kutoka mwaka 1949, jina la mfasiri lilikuwa la Roerich. La Gendun Chopel limo katika dibaji, katika maneno machache ya shukrani.

Na katika miaka hiyo akaziacha nadhiri zake za utawa. Aliingia katika starehe za miji, akanywa pombe, akaandika hata kitabu juu ya mahaba. Mengine katika hayo hatumsifu, wala hatuyafichi. Maana tukimsafisha mtu kupita kiasi hatumwelezi yeye tena, bali twaeleza sanamu tuliyoichonga wenyewe.

Sasa tuseme lile jambo la nyumbani.

Mdogo wetu, kitinda mimba wa mama yetu, alikwenda kukaa katika nyumba ya watawa akiwa kijana. Siku alipoondoka kijiji kizima kilimsindikiza mpaka barabarani kwa nyimbo, na mama akachinja mbuzi. Akakaa miaka sita. Mwaka wa saba, kabla ya kuweka nadhiri za daima, akarudi. Hakufukuzwa, wala hakutenda jambo la aibu. Alisema kwamba amesali na kufikiri, na haoni kuwa ameitiwa maisha yale. Akaja jioni, sanduku mkononi.

Wale waliomsindikiza kwa nyimbo sasa walimpita njiani wakitazama upande mwingine. Wengine walisema ana mwanamke mjini; wengine walisema amerogwa. Mzee mmoja akanena mbele yake, "Chungu kilichotolewa motoni kabla ya kuiva hakiteki maji." Mama akaacha kwenda gulioni, akawa anamtuma mtoto wa jirani. Hakumkemea mwanawe hata mara moja, lakini alipompa chakula hakumtazama usoni, na hilo lilikuwa gumu kuliko kukemewa.

Mchana mdogo wetu alilima pamoja nasi. Usiku aliwasha taa akaandika katika madaftari ya shule. Siku moja tukamwuliza, "Waandika nini, ndugu?" Akajibu, "Kaka, kanzu niliirudisha. Lakini maswali niliyokwenda nayo hawakuyapokea mlangoni, nikarudi nayo. Nikiyaandika nayaona yamekaa mbele yangu. Nisipoyaandika yanifuata nyuma."

Hatukuwa na jibu la kumpa. Ila tangu siku ile tulianza kusoma habari za watu walioacha vazi la dini, tupate kujua kama njia yao hukomea pale vazi linapoanguka. Hivyo ndivyo tulivyomfikia huyu Mtibeti; na tulipomsoma tuliona kwamba kazi zake kubwa alizifanya baada ya kuondoka Drepung, si kabla. Aliacha utawa, lakini hakuacha kutafuta. Na chombo chake cha kutafutia kilikuwa kalamu.

Kuna jambo moja ambalo litawapendeza ninyi msomao gazeti lililopigwa chapa na misheni. Katika mji wa Kalimpong, upande wa India penye milima karibu na Tibet, lilikuwako gazeti la Kitibeti liitwalo Melong, maana yake Kioo. Lilianzishwa mwaka 1925 na Dorje Tharchin, Mtibeti Mkristo, kwa msaada wa misheni ya Waskoti. Nakala za kwanza zilikuwa chache, nyingi zikapelekwa Lhasa, na Dalai Lama wa 13 mwenyewe alikuwa miongoni mwa wasomaji. Tharchin hakuwauliza waandishi wake dini zao kabla ya kupokea makala. Basi mwaka 1938 Gendun Chopel akaandika katika gazeti hilo makala fupi, kwamba dunia ni mviringo.

Kwetu hili si neno kubwa. Mtoto wa darasa la nne alijua. Lakini Tibet wakati ule wataalamu wengi walishika maandiko yao yasemayo kwamba dunia ni tambarare, na katikati yake pana mlima mkuu. Gendun Chopel aliwaambia wenziwe waziwazi kwamba mataifa mengine yamekwisha kubali, watu wameizunguka dunia kwa vyombo, nao wamebaki peke yao wakibishana. Kwa wale waliosema kwamba Buddha mwenyewe alinena ni tambarare, alijibu kwamba Buddha alisema na watu wa siku zake kwa kadiri ya walivyofahamu. Katika jambo hilo alikuwa mtu mmoja juu ya karatasi moja, na mbele yake maelfu ya watawa.

Sisi nasi tumewahi kuonja kidogo shida ya namna hiyo. Tulipofundisha shuleni kwamba dunia ni mviringo, mtoto mmoja alikwenda kumweleza babu yake. Kesho yake babu akaja na fimbo yake, akatusalimu vema, akauliza, "Mwalimu, hiyo dunia umeizunguka?" Tukamjibu, "La, babu, hatujaizunguka." "Basi nani kakwambia?" "Wengi, babu." Akacheka sana, akasema, "Hata mimi nina wengi. Toka hapa mpaka mtoni wote wasema ni tambarare." Tukamwomba angojee usiku wa kupatwa kwa mwezi, atazame kivuli cha dunia jinsi kinavyoukata mwezi. Usiku huo ulipofika alitoka nje akakaa juu ya kinu akitazama. Asubuhi akapita shuleni, akasema neno moja tu, "Mkato wake ni wa sahani." Hakusema kwamba ameshindwa, wala hatukumdai aseme. Alisema alichokiona kwa macho yake, na hilo latosha kwa mtu mwaminifu.

Turudi kwa Gendun Chopel. Mwaka 1946 alirudi Lhasa akiwa mtu wa makamo, na sanduku la karatasi zake. Alikuwa akiandika tarehe ya wafalme wa kale wa Tibet, akitumia hati za kale zilizofichwa karibu miaka 900 katika pango la Dunhuang, hata pango likafunguliwa mwaka 1900. Hajakaa sana, serikali ya Lhasa ikamkamata. Alikuwa amekwisha kaa na watu waliotaka mageuzi, na wakubwa waliogopa. Lakini shitaka lililotajwa halikuwa hilo. Alishitakiwa kwamba atengeneza noti za bandia. Mtu ambaye mara nyingi alikosa hata nauli, akashitakiwa kutengeneza fedha! Akachapwa viboko, karatasi zake zikachukuliwa, akatiwa gerezani chini ya jumba la Potala. Alifunguliwa mwaka 1949. Tarehe ya wafalme haikumalizika. Marafiki walimkuta amevunjika mwili, akinywa pombe kupita zamani. Septemba 1951 majeshi ya Uchina yaliingia Lhasa. Oktoba mwaka uleule Gendun Chopel akafa, wala hajatimiza miaka hamsini.

Mtu akiyatazama mambo haya aona ubatili mtupu. Alitafuta nchi takatifu, akakuta magofu. Alisema dunia ni mviringo, wakacheka. Alipenda taifa lake akaliandikia tarehe, taifa likampiga viboko kwa kosa la fedha. Sisi Wakristo tunacho kitabu cha Mhubiri, na tunacho kitabu cha Ayubu. Hatuwezi kusema kwamba neno ubatili ni geni kwetu, ama kwamba mwenye haki hulipwa haki kila mara chini ya jua. Huenda ndiyo sababu vitabu hivyo vikaandikwa. Ayubu alipokuwa amekaa majivuni, wenzake walikuwa na majibu mengi, naye hakuwa nayo. Yeye alikuwa na swali lake, akalishika mpaka mwisho, wala hakukubali kusema jambo asilolisadiki ili kuwapendeza.

Gendun Chopel naye alishika swali lake. Katika miaka yake ya mwisho alimfundisha mwanafunzi mmoja mafundisho ya Nagarjuna, mwalimu wa Wabuddha wa kale, na mafundisho hayo yakakusanywa kuwa kitabu. Kiini chake, kwa jinsi tulivyokifahamu, ni hiki: Binadamu huamua kwamba jambo hili ndilo na lile silo kwa jinsi linavyoonekana katika akili yake. Akipata mtu wa pili akubaliye, hufurahi. Wakiwa kumi, huona neno limethibitika. Wakiwa elfu, humwita asiyekubali mwenda wazimu. Lakini akili elfu zilizokosea namna moja hazizai akili moja iliyo sahihi. Watawa wengi walikasirishwa na kitabu hicho, wakakiandikia majibu.

Waswahili husema, "Wengi wape." Ni neno la busara katika mashauri ya kijiji, maana bila hilo hakuna mfereji utakaochimbwa wala daraja litakalojengwa. Lakini wengi wapewe njia, wapewe zamu, wapewe hata kiti cha mbele. Wasipewe ukweli kuwa mali yao. Kijiji chetu chote kilikuwa kimekata shauri juu ya mdogo wetu kwa kuhesabu vichwa. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza. Babu wa mwezi alikuwa mwadilifu zaidi, kwa kuwa alikubali kutoka nje usiku akatazame.

Wala tusikosee hapa. Hatusemi kwamba asimamaye peke yake ana haki siku zote. Walevi husimama peke yao pia, na wakaidi. Wala hatusemi kwamba mashaka ni bora kuliko imani. Gendun Chopel hakupata faraja tuliyonayo sisi, na pombe aliyoitafutia usahaulifu iliharibu mwili wake kama iharibuvyo kila mwili. Twasema neno moja tu: kwamba aliacha vazi, akaacha nadhiri, akanyang'anywa karatasi na afya, kitu kimoja hakukiacha, nacho ni kuandika lile aliloona ni kweli, awe na wasomaji au asiwe nao.

Je, alivuna nini? Katika maisha yake alivuna kidogo sana. Lakini rafiki yake Horkhang, aliyemtunza alipokuwa na shida, alizihifadhi karatasi alizoweza, akazificha miaka mingi ya machafuko. Mwaka 1990 maandiko ya Gendun Chopel yakapigwa chapa Lhasa kwa majuzuu matatu. Tangu hapo yamefasiriwa, na leo Watibeti wengi humhesabu kuwa mwandishi mkubwa kupita wote wa karne ya 20 katika lugha yao. Waliomshitaki hatuwataji kwa majina, na wasomaji wengi hawayajui. Na lile gazeti dogo la Kalimpong lilikoma mwaka 1963, lakini makala ya mwaka 1938 yasomwa hata leo. Mali bila daftari hupotea bila habari; na sisi twaongeza kwamba hata taabu bila daftari hupotea bila habari, na hiyo ni hasara kubwa zaidi, kwa sababu mwana huirithi taabu ileile asijue kwamba baba alipata kuivuka.

Mdogo wetu tulimsimulia habari hizi jioni kadha wa kadha. Alipofika kwa mfalme aliyekunywa maji ya mvua alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mama aliyekuwa jikoni akauliza twacheka nini. Tukamsimulia naye. Hakusema neno. Baada ya siku chache akamwita mwanawe, akamwambia, "Leta hilo daftari lako. Nataka uandike majina ya wazee wa baba yako, na wa kwangu, kabla sijasahau. Mimi nikifa hakuna ayajuaye." Wakakaa jioni tatu, mama akitaja, mwana akiandika: nani alizaa nani, nani alihama mwaka wa njaa, nani alizikwa wapi. Vilitoka vizazi sita. Jioni ya pili tuliona kwamba alipokuwa akisema alikuwa akimtazama mwanawe usoni, apate kuhakikisha kwamba ameandika sawasawa.

Kwa hiyo, wasomaji wapendwa, mtoto wenu akirudi kutoka mahali mlikomsindikiza kwa nyimbo, iwe ni nyumba ya watawa, iwe ni chuo, iwe ni kazi ya mjini, mpeni kigoda akae na chakula ale. Msimpime kwa vazi alilolivua. Mwulizeni ameona nini, kisha nyamazeni mpaka amalize. Akiwa hana maneno, mpeni daftari; bei yake haizidi kibaba cha chumvi. Na ninyi nyote mjuao kusoma, andikeni: majina ya wazee, siku mvua ilipoanza, dawa iliyomponya ng'ombe, swali lililowanyima usingizi. Msingoje mpate neno kubwa. Wala msihuzunike mkiona kwamba karatasi yenu imesomwa na watu watatu. Mmoja wao huenda akaihifadhi.

Wasalaam.